Ujiji haikuhama, ziwa ndilo lililorudi nyuma

Ndugu, umeuliza kwa nini Ujiji, mji mkongwe wa Ziwa Tanganyika jirani na Kigoma, imekaa mwinukoni, mbali na maji, ilhali ilikuwa bandari ya misafara. Jibu ni Mto Lukuga, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Ndio mlango pekee wa Ziwa Tanganyika kutolea maji, na zamani ulikuwa umezibwa na matope na mimea, ziwa likajaa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kikavunjika, maji yakashuka mita kadhaa. Kwa hiyo pale kwenye miembe, mwandishi wa habari Stanley alipokutana na mmisionari na mvumbuzi Livingstone mwaka 1871, ufuko ulikuwa karibu zaidi. Leo ukitoka kwenye mnara wa kumbukumbu yao unateremka mwendo mzuri tu kabla hujaona mitumbwi na dagaa walioanikwa.

Kigoma je, mbona bandari kubwa ikawa huko? Ni kina cha maji. Ghuba yake imekingwa na vilima na meli kubwa inaingia. Ufuko wa Ujiji hauna kina. Wajerumani wakaifikisha reli Kigoma mwaka 1914, biashara ikaifuata. Lakini mwenye mji ni Ujiji, tafadhali tusiiite kitongoji cha Kigoma!