Kachumbari ya Idi isigeuke mchuzi

Siku mbili baada ya Idi msomaji mmoja aliniandikia. Pilau yake ilisifiwa na kila aliyeketi, lakini bakuli la kachumbari lilirudi jikoni karibu limejaa, nyanya zikielea kwenye maji mekundu. Aliikata asubuhi, akatia chumvi na ndimu, akaiweka kwenye friji, na wageni wakala saa nane mchana.

Dada yangu, kilichokuponza ni chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya na tango, na nusu saa tu yatosha kuharibu bakuli zima. Chumvi iingie mwisho, pilau ikiwa tayari inapakuliwa.

Kwa watu 10 chukua vitunguu maji vikubwa 4, nyanya ngumu 6, tango 1, karoti 1, pilipili mbuzi 1, fungu dogo la kotimiri na ndimu 2. Kazi kubwa iko kwenye vitunguu. Vikate vyembamba sana, vinyunyizie kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, kisha vipikiche kwa mikono kama dakika 2 hadi vilegee na kutoa povu. Viache dakika 10, suuza kwa maji baridi mara 3, ukikamua kila mara. Maji ya tatu yakiwa bado na povu, rudia. Ukali unaowaliza wageni hutoka hapo. Ila usivipikiche kama unayefua nguo: vikitepeta haviliki kwa raha, na kachumbari bila kitu cha kutafuna si kachumbari.

Nyanya zipasue, utoe mbegu na ute wake kwa kidole. Ute huo usiutupe, utie kwenye mchuzi. Tango nalo likwangue mbegu kwa kijiko. Tumia kisu kikali, maana butu huponda nyanya badala ya kukata. Vitunguu vilivyokamuliwa vinaweza kulala kwenye friji vikiwa vimefunikwa. Nyanya zisubiri hadi pilau imepaliwa makaa. Kabla ya kuongeza chumvi onja kwanza, kwa sababu vitunguu vimebaki na yake.

Chatne ya ukwaju, ile rojo chachu ya kulia chakula, ndiyo ya kupika usiku wa kuamkia Idi, na kwa kweli ikilala huwa tamu zaidi. Loweka ukwaju gramu 250 na tende 6 zilizotolewa kokwa kwenye vikombe 2 vya maji ya moto, dakika 30. Fikicha, chuja, kisha chemsha kwa moto mdogo pamoja na vijiko 3 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyosagwa, pilipili na chumvi kidogo. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Uchachu wa ukwaju hula alumini, na chatne hutoka na ladha ya bati. Ipue ikiwa bado inachuruzika kwenye mwiko, kwani ikipoa hujikaza. Wengi huisubiri iwe nzito motoni, asubuhi wanakuta gundi.

Chatne ya nazi ni kinyume chake, hiyo ni ya siku hiyohiyo. Ikune nazi 1 kwenye mbuzi ya kukunia, ukiacha mara tu unapofika kwenye ganda la kahawia. Ukipitiliza, weupe unapotea na uchungu unaingia. Saga na kotimiri, pilipili mbichi 2, punje 1 ya kitunguu saumu, maji ya ndimu 1 na chumvi. Maji ya kusagia yawe vijiko vichache tu, ukiongeza kimojakimoja hadi mashine izunguke. Kwenye joto la Pwani huanza kuchacha baada ya saa chache, kwa hiyo toa mezani nusu, nusu ibaki kwenye friji. Ya mezani ikibaki jioni, usiichanganye na ile ya kwenye friji.