Kwa nini menejimenti za vyuo hukimbilia kufunga chuo

Ndugu mleta mada ameuliza kwa nini menejimenti za vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania, wanafunzi wakigoma, hufunga chuo kwanza na mazungumzo yakafuata baadaye. Niliwahi kuandika mihutasari ya vikao katika ofisi ya Makamu Mkuu wa chuo kimoja, ambacho sitakitaja, vikiwemo vikao vya dharura, hivyo nitajibu kwa yale niliyoyaona.

Wengi hudhani kikao cha namna hiyo hujadili hatua za kuchukua. Ukweli ni kwamba muda mwingi huishia katika kubishana juu ya kilichotokea. Mshauri wa Wanafunzi anasema kinachogombewa ni boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, iliyochelewa; mkuu wa ulinzi anashikilia kwamba kuna wachochezi kutoka nje; mhasibu anapekua karatasi za kusainia fedha, akisisitiza kwamba majina yalikwishapelekwa Bodi ya Mikopo. Wakati huohuo simu ya Makamu Mkuu inaita mezani, na anayepiga ni Mkuu wa Mkoa, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa, naye anataka jibu moja tu: hali imedhibitiwa au haijadhibitiwa?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Fedha ziko Bodi ya Mikopo na Hazina, askari wa kutuliza ghasia wako chini ya polisi, na sera iko wizarani. Kilicho mikononi mwa menejimenti ni geti na kalenda ya masomo, na mtu hutumia alicho nacho. Kadiri jioni inavyokaribia ndivyo hoja ya nani ana haki inavyosahaulika, kwa kuwa kila mjumbe anawaza usiku: mabweni yakichomwa au mwanafunzi akipigwa risasi, nani atajibu? Kufunga chuo huonekana salama kwa sababu gharama zake huja baadaye, na humwangukia zaidi mwanafunzi wa Kigoma anayetakiwa kuondoka bwenini kesho yake ilhali hana nauli. Novemba 2008, mgomo wa kudai mikopo ya asilimia 100 ulipofanya vyuo kadhaa vya umma vifungwe, suala lenyewe la mikopo halikuwa la kuamuliwa na chuo chochote.

Machi 2020, wakati wa korona, ilikuwa tofauti. Waziri Mkuu alitangaza kufungwa kwa shule tarehe 17, vyuo vikafuata siku iliyofuata, hadi Juni 1. Kwa kuwa uamuzi ulitoka juu, wakubwa wetu hawakuwa na heshima ya kulinda, na naweza kusema sijawahi kuona vikao vyenye utulivu kama vile. Hata ratiba ya mitihani, ambayo kwa kawaida huzua ugomvi baina ya vitivo, ilipangwa bila makelele.

Kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi wanaosoma uzi huu: pelekeni orodha ya wasiolipwa, kitivo kwa kitivo, yenye namba za usajili, kwa Mshauri wa Wanafunzi asubuhi, kabla watu hawajakusanyika, na nakala kwa mhasibu. Katika vikao nilivyohudhuria, karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na haikuwepo.