Kwa mnaoanza maabara ya chakula: jueni kipimo kinapima nini

Wadogo zangu mnaokuja fildi, na nyie mliopata ajira juzi, karibuni. Najua wengi mmetoka chuo mkiziwaza mashine za kromatografia, zile za kutenganisha kemikali. Mtazifikia tu. Wiki za mwanzo mtapewa maziwa na laktomita, na msizidharau, maana hapo ndipo mtakapoona kwamba kipimo hujibu kile kilichoundwa kukijibu, basi. Ukikidai zaidi ya hapo kitakudanganya, na cheti kitatoka na sahihi yako.

Laktomita inapima uzito wa maziwa ukilinganisha na maji. Maziwa mabichi ya ng'ombe kwa kawaida husoma kati ya 26 na 32 kwenye nyuzi 20 za joto. Yakitiwa maji, namba inashuka. Hilo kila mchuuzi analijua. Lakini krimu ni nyepesi, kwa hiyo ukiiengua namba inapanda. Mjanja anaengua krimu kwanza, anaiuza pembeni, kisha anaongeza maji mpaka laktomita inarudi 29, na anakuletea dumu huku akitabasamu. Laktomita haijakosea hapo. Kinachomuumbua ni kipimo cha mafuta, au kile cha kuganda: maziwa halisi huganda karibu na nyuzi -0.54, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo namba inavyosogea kuelekea sifuri. Kabla ya yote hayo, koroga dumu hadi chini. Ukichota juu tu umepima krimu iliyopanda, hukupima maziwa ya mtu. Pima na joto pia: ongeza 0.2 kwenye namba ya laktomita kwa kila nyuzi iliyozidi 20, punguza vivyo hivyo likiwa chini.

Mafuta tunayapima kwa njia ya Gerber, na hii ndiyo inayowachoma vijana vidole. Inatangulia asidi ya salfuriki, mililita 10. Halafu maziwa, mililita 11 au 10.75 kutegemea pipeti na butirometa (chupa yenye shingo ya kusomea mafuta) zilizopo mezani. Soma maandishi yake, usikariri ya chuoni. Yaache yateremke polepole ubavuni mwa chupa yakae juu ya asidi bila kuchanganyika. Mwisho mililita 1 ya alkoholi ya amili, kisha kizibo. Ukianza kutikisa chupa inapata moto papo hapo, kwa hiyo iviringishe kitambaa, na kizibo kisimtazame mwenzio wala uso wako. Zungusha kwenye sentrifuji kama dakika 5, weka kwenye maji ya nyuzi 65, ndipo usome. Safu ya mafuta iwe ya manjano, safi. Ukiona punje nyeusi chini yake, asidi ilikuwa kali mno au mchanganyiko uliungua. Punje nyeupe maana yake asidi ni dhaifu na protini haikuyeyuka. Usisome namba ya safu chafu. Rudia.

Protini ina mtego wake. Njia ya Kjeldahl haipimi protini, inapima naitrojeni, halafu sisi tunazidisha kwa 6.38 tunaandika "protini". Kashfa ya maziwa ya watoto China, mwaka 2008, ilipita hapohapo. Maziwa yalitiwa maji, kisha ikaongezwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Protini kwenye karatasi ikaonekana nzuri. Watoto wapatao 300,000 waliugua, wengi kwa mawe ya figo, na sita walikufa. Kjeldahl ilifanya kazi yake barabara siku zote hizo.

Sasa masalia ya dawa, hasa antibiotiki. Kipimo cha awali, cha kutenga sampuli za kutiliwa shaka, mtakachokutana nacho mara nyingi kina bakteria anayependa joto, ndani ya jeli yenye rangi ya zambarau. Unaweka maziwa, unaatamiza kwenye nyuzi 64 hivi. Bakteria akikua anatoa asidi na rangi inageuka njano. Ikibaki zambarau, kuna kitu kimemzuia. Kitu gani? Hakisemi. Kinaweza kuwa penisilini, na hiyo kipimo kinaikamata vizuri sana. Tetrasaiklini zinahitaji kuwa nyingi zaidi ndipo zionekane. Na maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, au aliyezaa juzi, yana vizuizi vyake vya asili vinavyoweza kubakiza zambarau hata kama mfugaji hajagusa sindano. Ndiyo maana zambarau haiwi hukumu. Inapelekwa kwenye mashine ya kuthibitisha, na mfugaji asiitwe mwizi kabla ya hapo.

Kwenye nyama, mtu akikuletea mfuko umeandikwa "ng'ombe" peke yake, mrudishe. Viwango vya Codex, yaani viwango vya chakula vya kimataifa, kwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini ni mikrogramu 200 kwa kilo ya nyama, 600 kwa maini na 1,200 kwa figo. Namba 500 ni salama kwenye ini, ni kosa kwenye steki. Kloramfenikoli haina kiwango kinachoruhusiwa kwa mnyama wa chakula, tunaitafuta hadi sehemu ndogo kabisa za mikrogramu, na dawa hiyohiyo ipo kwenye matone ya macho ya binadamu. Kama unatibu jicho, mwambie msimamizi na usishike sampuli hizo. Sitanii.

Rangi nayo isikupumbaze. Mwaka 2019 Kenya kulizuka zogo la nyama ya supamaketi iliyotiwa sodiamu metabaisalfaiti, kemikali ya kuhifadhia, ibaki nyekundu. Wekundu wa nyama haukwambii ilichinjwa lini.

Samaki wana tabia ya kutofautiana wao kwa wao. Kwenye jodari, histamini, sumu inayojitengeneza samaki asipohifadhiwa kwenye baridi, inaweza kuwa juu kipande kimoja na chini kingine cha shehena ileile, na kupika hakuiondoi. Ulaya wanadai sampuli 9 kwa shehena, na wana sababu. Sumukuvu ya maziwa, aflatoksini M1, inatoka kwenye pumba na mashudu yaliyoota ukungu, nayo kuchemsha hakuimalizi. Codex inaruhusu mikrogramu 0.5 kwa kilo, Umoja wa Ulaya 0.05. Maziwa yaleyale yanafaulu huku, yanaanguka kule, kwa hiyo muulize mteja anapeleka soko gani kabla hujachagua njia ya kupima. Na angalia vipimo: miligramu ukiiandika badala ya mikrogramu umekosea mara 1,000.

Mkifika kwenye cheti, mteja atapenda muandike kwamba dawa haimo kabisa. Msikubali. Andikeni haikuonekana, na pembeni muweke kiwango cha chini ambacho njia yenu inaweza kukiona, hata akinuna.