Msitie sahihi mkataba wa zimamoto kabla maji hayajapita kwenye viungio

Ndugu yangu, usitie sahihi hiyo karatasi. Umesema kaunti yenu ina vituo vitatu vya zimamoto, uwanja mdogo wa ndege na kiwanda cha sukari, na mnataka mkataba wa kusaidiana. Umeuliza nani ataongoza, nani atalipa mafuta, redio zitumie chaneli gani. Sawa. Lakini katikati umepitisha sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo: "Mipira yetu yote ya maji ni inchi mbili na nusu, itashikana tu, adapta tutanunua bajeti ijayo." Nimeisoma mara mbili, nikashika kichwa. Sisi ndiyo iliyotuponza.

Inchi mbili na nusu ni ukubwa wa tundu. Haikuambii lolote kuhusu kiungio, kile kipande cha kwenye ncha ya mpira kinachoushikanisha na mwingine au na gari. Magari mengi ya zimamoto Kenya yalifuata mtindo wa Kiingereza: kiungio cha milimita 64, dume na jike, unasukuma dume ndani mpaka lilie "tak". Gari la msaada kutoka Ujerumani linakuja na kiungio cha aina ya Storz. Hakuna dume wala jike, meno mawili yanaumana na meno ya mwenzake, unazungusha robo mzunguko. Hivyo viwili havishikani hata uvigonge kwa nyundo, mpaka uweke adapta kati yao, kipande chenye aina moja ya kiungio kila upande. Tena Storz zenyewe hukataana: yenye tundu la milimita 65 ina milimita 81 kati ya jino na jino, na ile inayoitwa B, ya tundu la milimita 75, ina 89. Ukizitazama kwa macho utaapa ni kitu kimoja. Pima kwa rula ya chuma, upande wa ndani wa meno.

Mshauri aliyetuandalia jedwali aliweka safu ya "ukubwa wa mpira", akatia alama ya vyema kila mstari, bila kushika kiungio hata kimoja mkononi. Bado nina hasira naye, kwa sababu hesabu ya moto ni rahisi mno. Gari la lita 10,000 likitoa maji kwa mipira miwili, kila mmoja lita 500 kwa dakika, linakauka kwa dakika 10. Gari la pili kazi yake ni kulijaza la kwanza. Kiungio kikikataa, la pili linasimama nyuma tangi likiwa limejaa, askari wanashika ncha mbili za mpira, na moto unahamia duka la jirani. Baltimore, Marekani, tarehe 7 Februari 1904, zimamoto wa miji mingine walifika kwa treni kusaidia, mipira yao ikakataa haidranti za pale, yaani mabomba ya barabarani ya kuchotea maji ya kuzima moto. Majengo zaidi ya 1,500 yakateketea. Oakland, Marekani, Oktoba 1991, haidranti zilikuwa na midomo ya inchi 3, zimamoto wa miji jirani walikuja na inchi 2.5. Watu 25 walikufa katika moto ule. Sisemi viungio peke yake ndivyo vilivyowaua, upepo ulikuwa mkali, lakini dakika zilizopotea kwenye haidranti hazikurudi.

Kwa hiyo, kabla ya kalamu, leteni magari yenu yote kwenye uwanja mmoja, pamoja na boza la maji la kiwanda. Kila gari lilishe kila gari, kwenda na kurudi. Pandisheni geji ya presha hadi baa 10, iacheni hapo dakika 5, mtazame. Kinachovuja kwa kawaida ni gasketi iliyokauka, ile pete ya kuziba ndani ya kiungio, badilisha. Kinachochomoka ni Storz ambayo haikuzungushwa hadi mwisho, maana mtu hakuwa na spana yake. Kila gari libebe adapta nne: mbili zenye Storz upande mmoja na dume upande wa pili, mbili zenye Storz na jike. Wengi hununua za dume pekee, halafu mpira wa Storz ukifika kwenye mdomo wa kupokea wa gari la Kiingereza, ambao ni dume, wanakuta dume kwa dume. Zifungwe kwa mnyororo kwenye kabati la pampu. Zikikaa stoo ya makao makuu, hamna adapta.

Mipira ya kufyonza pia ijaribiwe mtoni. Kama mko nyanda za juu, msitegemee kimo cha mita 7 cha kuvuta maji kilichoandikwa kitabuni. Kwenye mwinuko kama wa Nairobi hewa ni nyepesi, hata pampu nzuri itavuta pungufu ya hapo.

Dawa ya povu: ya kuchanganywa na maji kwa asilimia 3 na ya asilimia 6 msizimimine kwenye tangi moja.

Uongozi, afisa wa eneo lenye moto ndiye anayeongoza, wageni wanaripoti kwake. Kisheria mko salama: zimamoto ni kazi ya kaunti kwenye Jedwali la Nne la Katiba, na kifungu cha 189 kinaruhusu serikali kuunda kamati za pamoja. Mafuta watajadili wahasibu.

Leo jioni piga picha ya kila kiungio cha kila gari, rula ikiwa kando, uziweke hapa. Nitakuandikia kila gari linahitaji adapta ipi. Na mkutano wa kutia sahihi usogezeni mbele hadi baada ya siku ya uwanjani.