Mara tatu nilirudi mikono mitupu: kumsaka korongo nyangumi na wenzake wasumbufu

Watu wakishajua mimi ni wa kuzunguka na darubini shingoni, swali huwa ni lilelile, ndege gani mgumu kuliko wote kumwona Afrika? Na mimi huwa nawauliza, mgumu kwa nani? Maana huyo ambaye mtu anafunga safari kutoka Ulaya kuja kumtafuta, huku bonde la mto Malagarasi, magharibi mwa Tanzania, kuna mvuvi anampita kila asubuhi akienda kuangalia nyavu zake na wala hageuzi shingo.

Namzungumzia korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Ana urefu wa kama mita moja na robo, kijivu mwili mzima, sasa unajiuliza mkubwa hivyo anajificha vipi. Anasimama tu. Basi. Anasimama kwenye mafunjo muda mrefu bila kutikisa hata unyoya na jicho lako linampita kama halijaona kitu.

Mara ya kwanza nilienda mwezi wa nne. Kosa. Masika maji yametapakaa kila mahali, na ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi sio bwawa la samaki la nyuma ya nyumba, ni zaidi ya hekta milioni tatu, ndio eneo la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, kwa hiyo maji yakijaa ndege ana nchi nzima ya kukukwepa. Siku mbili kwenye mtumbwi, nikarudi Kigoma na mafua. Mara ya pili nikaenda kiangazi, afadhali, lakini nimevaa jezi nyeupe, darubini ya kuazima ina ukungu jicho moja, nikatumia kama dakika arobaini kumsoma korongo aliyesimama mbali kwenye matete, naandika mpaka kwenye daftari, tulipomkaribia akawa kisiki. Kijana aliyekuwa anapiga kasia alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Mara ya tatu nikamlipa jamaa mmoja aliyejinadi anawajua wote karibu kwa majina, hela akachukua yote mwanzoni, tulipofika akaanza kuuliza wavuvi njia! Sasa kama ni kuuliza wavuvi si ningeuliza mwenyewe?

Mara ya nne nikauliza mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa tisa, maji yameshuka. Kijiji sikitaji, mnisamehe, kuna watu wanaiba vifaranga vya hawa ndege kwenda kuuza, na wewe siku ukimwona tafadhali usibandike ramani mtandaoni. Nikaanzia kwa mwenyekiti wa kijiji, nikajieleza, akanipeleka kwa mzee mmoja anayevua kambale na kamongo. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akacheka kidogo. "Huyu? Huyu tunagombania naye kamongo."

Tulitoka kabla hakujapambazuka, yeye na upondo wake, mimi nimekaa mbele nimevaa shati la kaki safari hii. Nikawa natazama mbali juu ya mafunjo kama kawaida yangu. Yeye anatazama maji. Nikamnong'oneza, mzee mbona hutafuti? Akasema, "Wewe unatafuta ndege, mimi natafuta samaki wake." Kumbe kamongo anavuta hewa ya juu, lazima apande apumue, na kwenye yale maji mazito yaliyojaa majani yaliyooza ndiko hewa ni kidogo, unaona maji yanafunguka kama kuna mtu amesukuma kifuniko kwa chini, pwu, halafu yanajifunga. Mzee alikuwa anahesabu hizo pwu. Zilipokuwa nyingi akachomeka upondo kwenye tope tukatulia, mbu wananila masikio na siruhusiwi kujipiga kofi. Imepita kama nusu saa akanigusa goti. Sio mbele, kushoto. Hatua thelathini hivi, kwenye uwazi wa mafunjo, alikuwepo muda wote.

Halafu akajirusha. Yaani sio kudonoa kama kuku, anajiangusha mwili mzima, mabawa yamefunguka, kichwa kimezama pamoja na nyasi zote, akainuka mdomo umejaa majani na tope, akaanza kuyamwaga taratibu pembeni, majani yanadondoka, tope linadondoka, kamongo amebaki amebanwa anajinyonganyonga. Sikupiga picha hata moja. Simu nilikuwa nayo mkononi.

Tangu siku hiyo sitafuti ndege, natafuta anakula nini na nani mwingine anakula hicho hicho. Imenisaidia kuliko darubini mpya, na darubini mpya nilinunua.

Mfano bundi mvuvi. Huyu anakula samaki usiku, mkubwa, rangi ya udongo wa matofali, manyoya yake hata hayana ule ukimya wa bundi wengine kwa sababu samaki hamsikii akija, na miguu haina manyoya. Mchana analala kwenye mti mkubwa wenye kivuli unaoinamia mto. Kwa hiyo unatafuta mto wenye vina vya maji yaliyotulia na miti mikubwa ambayo haijakatwa mkaa, unaulizia wavuvi wa usiku wapi wanasikia mngurumo mzito, halafu asubuhi unaangalia chini ya miti kama kuna magamba ya samaki na kinyesi cheupe. Ila jamani, angalieni mnavyouliza. Mimi nilifika kijiji kimoja upande wa Uvinza jioni, mgeni, na tochi kichwani, nikauliza kwa sauti "samahani, mabundi wanapatikana wapi hapa?" Kukawa kimya. Mama mmoja akaita watoto wake ndani. Mtu anayetafuta bundi usiku huku kwetu ana jina lake na sio mtalii. Iliniokoa tu kwamba mtendaji nilikuwa nimeshampitia mchana. Sasa hivi nasema natafuta ndege anayekula samaki, neno bundi nalitoa mwisho kabisa, tukishazoeana.

Ukivuka kuingia Tabora mambo yanabadilika, miombo mitupu, na miombo inakatisha tamaa, unatembea saa nzima husikii hata mbawa, unaanza kudhani ndege wote wamehama mkoa. Wapo, wanatembea kundi moja la aina mchanganyiko wakisaka wadudu, kwa hiyo ama unakuta wote ama hukuti hata mmoja. Tega sikio kwa mlamba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, ana kelele na mara nyingi yupo nao anavizia wadudu wanaoshtuliwa na wenzake. Ukimpata mkimbilie (taratibu), hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza yule wa bluu mwenye manyoya mawili marefu mkiani yanayoishia kama vijiko. Na ukiwa Tabora ongea na warina asali. Kuna yule ndege anayewaongoza kwenye nyuki ili ale nta na majana, huyo humtafuti kabisa, anakutafuta yeye, anakuja kukupigia kelele kichwani mpaka umfuate. Warina asali niliotembea nao wanajua sauti za msitu kuliko rekodi zote za kwenye simu yangu. Hizo rekodi zenyewe usizipige ovyo, ndege anaacha kiota anakuja kupigana na spika.

Sasa kuna ambao hii kanuni yangu inakwama. Ethiopia, mbuga ya Nechisar, mwaka 1990 watafiti waliokota ndege aliyegongwa na gari barabarani, mmoja wa wale wa usiku wanaolala kwenye vumbi, wakaondoka na bawa moja tu, na mwaka 1995 akapewa jina la kisayansi kwa bawa hilo hilo. Utamuuliza nani bawa linakula nini? Au tausi wa Kongo, Mmarekani James Chapin aliona unyoya wake kwenye kofia ya mwenyeji mwaka 1913 na akaja kumjua mwenye unyoya mwaka 1936, tena kwa kukuta waliokaushwa kwenye jumba la makumbusho Ubelgiji. Anayenichekesha ni kwale wa Udzungwa wa kwetu hapa. Mwaka 1991 kambini msituni watu wakaona miguu ndani ya sufuria, wakasema hii miguu mbona sio ya kuku wala kwale tunayemjua. Huyo kumbe chakula ndio yeye mwenyewe. Wapishi walishampata zamani, na wala hawakuona kama ni habari.

Mambo ya hela nayapitia haraka. Patana bei kabla ya kupanda mtumbwi, lipa nusu, nusu mkirudi. Ukiingia pori la akiba au hifadhi uwe na kibali, usidanganywe kwamba "tunapita tu". Na panga siku nyingi kuliko unazodhani, siku mbili ni za kulowa.

Mimi ninayemtaka sasa hivi ni bundi wa Itombwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kaskazini huko kwenye milima ya Kongo. Alipatikana 1951, halafu kimya mpaka 1996 mmoja aliponaswa kwenye wavu, akaachiwa. Siwezi kuzamia kule hivi hivi na hali ya usalama ilivyo. Lakini kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wanashuka wafanyabiashara kutoka ng'ambo kila wiki, na nimeshazoea kukaa pale na mgebuka wangu wa kukaanga namsubiri mtu mwenye ndugu wa milimani, mwindaji au mchimba dhahabu, yeyote anayelala msituni. Nitaanza na salamu. Neno bundi nitalitoa mwisho.