Janketi Haikukushinda, Yaliyokushinda ni Maziwa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji wa Mombasa ambaye kaka yake, aliporudi likizo kutoka Muscat, alimletea chupa ndogo ya reneti, ile dawa ya kugandishia maziwa, kama alivyomwagiza. Ameandika: "Dada, nimefanya kila ulichosema, nimesubiri tangu alasiri hadi isha, na maziwa yamebaki maziwa. Niambie ukweli, janketi ni ya Wazungu peke yao?" Nilimuuliza swali moja tu, kwamba maziwa yenyewe aliyapata wapi na aliyafanya nini kabla ya kutia reneti. Akanijibu kwamba aliyanunua mabichi kwa muuzaji anayepita mtaani kwao kila asubuhi, akayachemsha mpaka yakafura na kupanda mara tatu kama alivyofundishwa na mama yake, kisha akayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu. Mdogo wangu, mama yako alikufundisha vyema na usiache kumsikiliza, lakini maziwa yaliyochemshwa namna hiyo hayagandi vizuri kwa reneti, hata yakishikwa na mikono iliyozaliwa na kukulia Devon.

Kwa msomaji mgeni, janketi ni maziwa matamu yaliyogandishwa kwa reneti, yasiyotiwa yai, unga wala jelatini. Kwao hasa ni Devon na maeneo ya jirani, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako huliwa baridi, ikiwa imenyunyiziwa kungumanga na kufunikwa kwa krimu nzito ya huko. Tofauti yake na maziwa mgando ni kubwa: mgando hutokana na bakteria wanaoigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, ndiyo maana ukawa na uchachu, ilhali janketi hubaki na ladha ya maziwa yaliyokamuliwa punde. Reneti ya asili hutoka katika tumbo la nne la ndama anayenyonya, ambalo huyagandisha maziwa ya mama yake ili yasipite haraka kabla hajayasaga. Zamani wake wa wakulima walilikausha tumbo hilo kwa chumvi, wakakata kipande na kukiloweka kila walipokihitaji, na nguvu yake hawakuwa na namna ya kuijua ila kwa kujaribu. Mwaka 1874 Christian Hansen alianza kutengeneza reneti ya kiwandani huko Copenhagen, Denmark, ikiwa na nguvu inayojulikana, na kuanzia hapo mpishi wa nyumbani akaweza kupima kwa kijiko.

Mimi janketi sikuisoma kitabuni. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Devon, na miongoni mwa niliowahudumia alikuwapo bibi mmoja aliyekwisha kuvuka miaka 90, ambaye karibu kila trei ya chakula aliirudisha kama ilivyokwenda. Nilipomuuliza roho yake inatamani nini, akanitajia janketi. Nikalipeleka neno jikoni. Aliyekuwa na dhamana ya jiko wakati ule akanijibu mbele ya wenzangu kwamba pale hawagawi maziwa yaliyoharibika, na kwamba mimi nishughulike na kazi ya kuogesha wazee iliyonileta. Amekwisha kuondoka siku nyingi, lakini maneno yale bado ninayasikia, kwa sababu yalimdharau bibi yule kuliko yalivyonidharau mimi: chakula alicholelewa nacho kiliitwa uchafu katika wilaya aliyozaliwa.

Basi nikaamua kujifunza, na bibi mwenyewe akawa mwalimu wangu. Nilikuwa nikiketi kando ya kitanda chake baada ya zamu, yeye akifumba macho na kunieleza jinsi mama yake alivyoyachukua maziwa moja kwa moja kutoka zizini, yangali na joto la ng'ombe, akayamimina katika bakuli la kauri, akatia sukari na reneti, akaliweka bakuli juu ya meza ya jiwe na kuwakataza watoto wasipite mbio karibu nayo. Siri yote ya janketi imo katika masimulizi hayo. Maziwa hutoka kwenye chuchu yakiwa na joto la nyuzi 38 hivi, ambalo ndilo joto reneti inalolipenda, na yalikuwa hayajaguswa na moto. Nilipomletea bakuli langu, baada ya muuguzi kuniruhusu, bibi hakula kwanza. Alilishika kwa mikono miwili, akaliinamisha kidogo, akatazama kama kilichogandamana kinaachana na ukingo wa bakuli kwa pamoja bila kupasuka, ndipo akachovya kijiko. Alilimaliza lote. Na mwezi huu, mkuu mpya wa jiko ameniomba mwenyewe niandae janketi kwa chai ya Jumapili ya nyumba nzima, na mabakuli yamerudi matupu. Ninaona fahari kulisema hilo, na sioni sababu ya kulificha.

Sasa nieleze kwa nini kuchemsha kunaharibu kazi. Protini kuu ya maziwa, kasini, huelea ndani ya maziwa katika vipunje vidogo mno, na kila kipunje kimezungukwa kwa nje na nyuzi fupi za kasini ya aina ya kapa zinazovizuia vipunje visishikane. Kimeng'enya kilichomo ndani ya reneti, kiitwacho kimosini, huzikata nyuzi hizo. Vipunje vikibaki wazi, kalsiamu ya maziwa huviunganisha vikawa wavu mmoja unaoshika maji na mafuta ndani yake. Maziwa yanapochemka, protini nyingine zilizo katika maji yake hufumuka na kung'ang'ania juu ya nyuzi zile zile, kiasi kwamba kimosini haizifikii tena vyema, na sehemu ya kalsiamu nayo haipatikani. Ndiyo maana maziwa ya pakiti yanayokaa dukani kwa miezi bila friji, yaliyopashwa hadi nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, hayafai kabisa. Usiyajaribu, utapoteza reneti yako na imani yako.

Najua msomaji wa Mombasa, Tanga au Arusha atasema: nisichemshe, nipate brusela, maradhi yaletwayo na maziwa mabichi? La, sikushauri kamwe unywe wala ugandishe maziwa mabichi ya mtaani bila kuyatibu. Yapashe hadi nyuzi 63, uyashikilie kwenye joto hilo kwa dakika 30 huku ukikoroga polepole, kisha utie sufuria ndani ya beseni la maji baridi yapoe upesi. Hii ni njia ya kweli ya kuua vijidudu vya maradhi, na huyaacha maziwa yakiwa na uwezo wa kuganda. Utahitaji kipimajoto cha jikoni, na hapo sikubali udhuru, kwa sababu jicho haliwezi kuzitofautisha nyuzi 63 na 80. Anayeishi karibu na duka lenye maziwa ya friji yaliyopashwa joto la kawaida kiwandani, yale yanayodumu siku chache tu, anunue hayo na apumzike. Maziwa yaliyoongezwa maji, ambayo sote tumewahi kuuziwa, yatakupa janketi inayotetemeka na kuvuja. Hakuna reneti inayoweza kuunda wavu bila protini.

Upishi wenyewe ni mfupi mno ukilinganisha na maelezo yangu. Chukua mililita 600 za maziwa yenye mafuta yake yote, tia kijiko kikubwa cha sukari, na uyapashe polepole hadi nyuzi 37, sukari ikiyeyuka. Ukidondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, usisikie moto wala baridi. Mimina katika bakuli utakaloliandaa mezani. Tia kijiko kimoja cha chai cha reneti ya kupikia, koroga kwa sekunde chache tu, kisha uondoe mkono. Kama reneti yako ni ile ya watengeneza jibini, kijiko kizima ni kingi kupita kiasi, kwani nguvu yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Soma kibandiko na utie matone machache, ukiyachanganya kwanza na kijiko cha maji yaliyochemshwa na kupoa, maana klorini ya maji ya bomba hudhoofisha kimeng'enya. Usiyapashe maziwa tena baada ya kutia reneti, kwani ikifika nyuzi 60 hivi kimosini hufa. Wala usikimbilie friji mapema, kwa sababu katika baridi nyuzi zile za kasini zinaweza kukatwa lakini vipunje visishikane. Liache bakuli mezani kwa joto la chumbani, saa moja hadi mbili, mpaka litulie, ndipo ulipeleke kwenye friji.

Na usiliguse. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, tena kwa haraka tu. Wavu ule ukiwa bado unajifunga, mtikisiko mdogo huupasua, na ukishapasuka haujiungi; maji ya maziwa, yenye rangi ya manjano ya kijanikijani, huanza kutoka kwenye ufa na janketi hugeuka vipande vipande. Nimewaona watu wakiinua bakuli kila baada ya dakika tano kutazama kama limeganda, kisha wakasema reneti ni mbovu. Ndugu zangu, tumezoea kuikorogea subira kijiko, tukitaka kila kitu kionekane kinakwenda. Kuna kazi ambayo mwanadamu akishaifanya sehemu yake hana budi kuiacha ijimalizie, na asiyeweza kukaa mbali na bakuli kwa saa moja asianze janketi leo, angoje siku atakapokuwa na utulivu. Bibi aliniambia kwamba mama yake alikuwa akitia reneti, akafunga mlango wa chumba cha maziwa na kwenda kulisha kuku, na mimi hadi leo hutoka jikoni kabisa.

Wasomaji Waislamu huniuliza kuhusu uhalali, na ni haki yao, nami mwenyewe ni mmoja wao. Reneti ya ndama hutegemea ndama huyo alichinjwaje, na wanazuoni wana kauli zao juu yake. Kila mtu amwulize anayemwamini. Ila haja yenyewe siku hizi si kubwa. Ipo reneti itokanayo na kuvu aitwaye Rhizomucor miehei, na ipo kimosini inayotengenezwa kwa uchachushaji, ambayo Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 1990, na zote hufanya kazi bila kugusa tumbo la mnyama. Mimi hutumia ya kuvu, na bibi hakuona tofauti. Mapishi ya zamani ya Devon hutia brandi pia. Nimeiacha, na hakuna aliyelalamika. Badala yake hutia iliki iliyotwangwa na tone la maji ya waridi kwa wageni wangu wa pwani, na kwa wazee wa hapa hukuna kungumanga juu, ambayo hutumiwa nzima kutoka Unguja na dada yangu. Harufu yake ikikunwa papo hapo juu ya maziwa baridi haina mfano wake katika unga wa kopo.

Mtu mmoja aliniandikia akisema utomvu wa papai bichi hugandisha maziwa, kwa nini tununue reneti. Ni kweli hugandisha, lakini kimeng'enya chake hakijui kusimama. Huendelea kuikatakata protini ovyo hata baada ya kuganda, na ladha huwa chungu. Kwa sababu hiyo hiyo, usitie nanasi bichi wala papai ndani ya janketi. Ukitaka tunda, liweke kando kwenye sahani, na tunda chachu kama pasheni lisigusane na maziwa mpaka wakati wa kula.

Kwako, mdogo wangu wa Mombasa: chupa yako haijaharibika kwa sababu ya jaribio moja, irudishe kwenye friji, mbali na mwanga, na uifunge vizuri. Safari ijayo anza na nusu ya kipimo, mililita 300 katika vikombe viwili, ili maziwa yakikataa usihesabu hasara kubwa. Ukiona bado yameganda kwa ulegevu ilhali hayakuchemka, uliza duka la vifaa vya jibini kuhusu kalsiamu kloraidi ya maji, inayoyaongezea maziwa kalsiamu ya kuunganisha wavu. Ile ya asilimia 30 hutiwa robo ya kijiko cha chai kwa lita nne, kwa hiyo kwa vikombe vyako ni tone moja au mawili tu, kabla ya reneti. Janketi iliwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Maji yatakayojikusanya pembeni baada ya kuchota kijiko cha kwanza usiyamwage, yakandie unga wa chapati za jioni.