Kwa nyinyi mnaoanza kushika pawasoo

Kijana akileta pawasoo, ule msumeno wa injini, iliyokufa hapa gereji, haelezi imeharibikaje. Anasema, "Fundi, ilizima tu." Haya. Natoa ekzosi, navuta kamba polepole mpaka pistoni ishuke, namulika kwa tochi ya simu. Pale upande wa tundu la moshi naona mikwaruzo imeteremka wima kutoka juu hadi chini, ringi imegandia kwenye mfereji wake, na alumini ya pistoni imejipaka ukutani mwa silinda. Hiyo haikuzima tu. Hiyo imeuawa, na aliyeiua amesimama mbele yangu ameshika kofia, ananiuliza itakuwa pesa ngapi.

Nawapenda, vijana wangu. Kazi hii ya kupasua kuni, kuanzia Njoro kupanda hadi Molo na kuteremka hadi Kano, isingeenda bila nyinyi. Viwanda vya majani chai vinataka kuni za boila, shule zinataka kuni za jikoni, na wazee tulioanza tumechoka migongo. Lakini mnanichosha na makosa yaleyale. Basi niyaandike, mtu asiniambie hakuambiwa.

1. Mafuta hayapimwi kwa macho. Petroli lita 5, oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli ya injini za tuu-stroku kama pawasoo, mililita 100, ikiwa oili ni nzuri na kitabu cha mashine kinasema hamsini kwa moja. Oili ya kubahatisha, fuata kitabu. Mashine nyingine zinataka mara mbili ya hiyo. Nimeona mtu akimimina oili kwenye mtungi huku anatazama rangi, eti ikifanana na chai ya strungi imetosha. Ile rangi ni dawa tu imetiwa na mwenye kiwanda ili ujue petroli imechanganywa, haikwambii imechanganywa kiasi gani. Chupa yenye alama za mililita haifiki bei ya plagi.

Na wewe unayeongeza oili "kidogo ya usalama", hebu fikiri. Kabureta inapitisha kiasi kilekile cha mchanganyiko. Ukiongeza oili, umepunguza petroli ndani yake, na injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Unaongeza masizi na bado unaongeza joto. Oili ya gari namba 40 nayo si 2T, hata kama shemeji yako ameitumia tangu zamani na mashine yake bado inalia.

Petroli nunueni kwenye kituo chenye foleni, si kwenye chupa kando ya barabara. Serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, sababu ilikuwa hiyohiyo: watu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa na petroli na dizeli. Mafuta ya taa ndani ya injini ndogo inayozunguka mbio namna ile hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo inayopigwa.

2. Cheni butu ndiyo mwanzo wa magonjwa mengi mnayoyaita ya injini. Tazama kinachotoka: vikiwa vipande, uko sawa, ukiwa unga, simamisha kazi unoe. Mkikataa kunoa mnaanza kuegemea mashine, mnaisukuma kwa goti, klachi inateleza na kuungua, baa, lile bapa la chuma linalozungukwa na cheni, inakuwa ya bluu, halafu mnasema bluugamu ya siku hizi ni ngumu. Bluugamu ni ileile. Ikikauka ni ngumu kweli, kwa hiyo ipasueni ingali mbichi, kuni zikaukie kwenye rundo.

Tupa ya duara, milimita 5.2 kwa cheni ya tatu kwa nane, yaani 3/8. Sukuma mbele, inua, rudi. Usikwaruze kwenda na kurudi kama mtu anayesugua sufuria. Kila jino lipate idadi ileile ya misukumo, la sivyo meno ya upande mmoja yatakuwa marefu na mashine itakata kwa kupinda, na utakuja kwangu kulalamikia baa. Na kile kinundu kilicho mbele ya jino kishushwe kwa tupa bapa na geji yake, 0.65 mm chini ya jino. Wengi hawakishushi kabisa. Cheni imenolewa inameta na bado haili. Wachache wanakishusha mno, mashine inaruka mkononi kama imechokozwa. Hao wachache nawaogopa zaidi.

3. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa niliumia mimi mwenyewe.

Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko kama 1,850. Kisumu ni kama 1,130. Kabureta ya kawaida, ile ya skrubu mbili za kupimia petroli, L ya mwendo wa chini na H ya mwendo wa juu, haijui uko wapi. Ukipanda Molo hewa ni nyepesi, petroli inazidi, mashine inakohoa moshi na kukosa nguvu. Fundi anaikaza H kidogo, petroli inapungua, mashine inachangamka, mteja anatabasamu. Ni sawa kabisa, mradi mashine ibaki Molo.

Kulikuwa na mama mmoja, mwenye biashara ya kuni, mashine yake ya baa ya inchi 24 aliinunua kwa mkopo wa chama. Nilimsetia nikiwa huko juu, akipasua saiprasi ya shamba la mtu. Nilijisifu siku ile. Ililia vizuri, sauti nyembamba, kali, haina mkwaruzo. Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu nikaipaka juu ya skrubu ya H, ili fundi mwingine yeyote asije akagusa kazi yangu. Sikutosheka. Nikamwambia mama mbele ya opareta wake, "Huyu akiigusa hii skrubu, msiniite tena."

Baadaye mama akapata kazi ya kukata bluugamu tambarare ya chini, upande wa Ahero. Akanipigia akauliza kama mashine inahitaji kuangaliwa kabla ya kuteremka. Nikamwambia hiyo nimeiseti mimi, iende tu. Ikapakiwa kwenye pikapu, ikapita Mau Summit, Kericho, Awasi, ikafika kwenye joto lile mnalolijua na hewa nzito kuliko ile niliyoisetia.

Asubuhi ilikata vizuri mno. Hilo ndilo hudanganya watu: injini inayokosa petroli huwa na mbio na mlio wa kupendeza kabla ya kufa. Mchana ikaanza kuzima ikipata moto, ikipoa inawaka. Opareta, kijana mdogo kuliko wengi wenu, akanipigia simu. Alifanya kila kitu sawa. Alikuwa ametoa plagi akaitazama. Akaniambia, "Fundi, plagi ni nyeupe kabisa, kama chaki."

Nikamjibu, "Basi ni safi. Endelea."

Mnaelewa nilichofanya? Plagi nzuri ni ya kahawia hafifu. Nyeusi yenye utelezi, mafuta yamezidi. Nyeupe ni homa: injini inaungua kwa kukosa mafuta, na mafuta ya pawasoo ndiyo yanayobeba oili, kwa hiyo ikikosa petroli imekosa na ulainisho. Haya nilikuwa nikiwafundisha watu. Lakini kijana aliponiambia, nilisikia anaitilia shaka kazi yangu, nikamjibu kwa kiburi. Angeweza kuifungua H kidogo tu, akamaliza siku. Hakuthubutu, kwa sababu ya ile rangi ya kucha na maneno niliyoyasema mbele ya mwajiri wake.

Ilishika kabla ya jua kuzama, pistoni ikagandia silinda. Iliporudishwa na kufunguliwa, nilifanya aibu ya pili: nikalaumu kituo cha mafuta. Nikazungumza juu ya mafuta ya taa kwa ufasaha mkubwa, mama akaitikia, na nusura akagombane na watu wasio na hatia. Yule opareta alikuwa amekaa juu ya tairi pale nje, hakusema neno, ila aliniangalia. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikamwita mama nikamweleza ilivyokuwa. Nilinunua pistoni na ringi kwa pesa yangu, silinda nikaisafisha ile alumini iliyoganda, bahati ikawa ngozi ya ndani haijachubuka. Kazi sikulipwa, wala sikustahili. Mama aliendelea kuniletea mashine zake. Yule kijana hakuwahi kuniletea hata cheni moja, naye sasa ana gereji yake na anajaza wateja.

Kwa hiyo: ukiteremka, fungua H kabla ya kukata. Injini iwe imepata moto, filta ya hewa iwe safi, cheni iwe kali. Bonyeza mafuta hadi mwisho bila kukata kitu. Usikie mlio mzito kidogo, wenye kukatikakatika. Ukigusa mti, mlio usafike. Ukiwa msafi hata hewani, umebana mno, fungua. Skrubu huzungushwa kwa upana wa kucha, si kwa mzunguko mzima. Mashine mpya zenye kujiseti zenyewe, kama Stihl za M-Tronic au Husqvarna za AutoTune, hazina shida hii, lakini mnazozileta kwangu si hizo.

Na mkinipigia simu mkaniambia plagi ni nyeupe nikawajibu ovyo, kateni simu mfungue H.

4. Oili ya cheni. Najua mnatumia oili chafu iliyotolewa kwenye matatu. Nami nimewahi. Ina unga wa chuma ndani yake, na unga huo unapita kwenye pampu ndogo ya oili ukiisaga kila siku, halafu unamrukia mtu usoni. Oili mpya ya bei ya chini ni afadhali mara kumi. Jaza oili kila unapojaza petroli. Petroli ikiisha na tangi la oili bado limejaa, tundu limeziba: toa baa, chokoa mfereji na kile kitundu, na ukiirudisha, igeuze juu chini ili isilike upande mmoja. Kisha elekeza ncha kwenye kisiki cheupe, bonyeza mafuta. Lazima uone mstari wa oili umechoreka. Usipouona, usikate.

5. Kazi ikiisha, legeza cheni, maana chuma kikipoa husinyaa na kuivuta krenki.

6. Usilaze mashine na petroli ndani. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mapawasoo mengi yaliingia stoo na matangi yao yamejaa. Julai 2023 Rais akatangaza pale Molo kwamba marufuku imeondolewa, na karibu kila mtu akakumbuka ana mashine. Mlango wangu ulijaa. Diaframu za kabureta zimekauka zikawa ngumu kama kadi ya kitambulisho, mipira ya mafuta inakatika ukiigusa, na mwenye mashine anaapa iliwekwa ikiwa nzima. Iliwekwa ikiwa nzima, ndiyo. Mwaga tangi, iwashe iungurume mpaka ijizimie, ndipo uifunike. Mafuta yaliyochanganywa yakipita mwezi, usiyaamini.

7. Mwili wako. Gambuti si za urembo, na ndala si viatu vya kazi. Ile robo ya juu ya ncha ya baa isiguse kitu, hapo ndipo mashine inapokurukia. Usikate juu ya bega. Breki ya cheni ijaribiwe kila asubuhi, na ukiona opareta ameing'oa kwa sababu "inasumbua", usifanye kazi karibu naye. Cheni ikizunguka wakati hujabonyeza mafuta, punguza sailensa, yaani mwendo wa injini ikiunguruma bila kubonyezwa. Isipokoma, springi za klachi zimechoka. Gogo lililobanwa kati ya mawili, anza upande unaobanwa, kidogo, kisha malizia upande unaovutwa.

8. Wanaotoka hapa wakaenda Ahero kutengeneza pampu za maji za mpunga: ile ni injini ya foo-stroku. Ina oili yake chini. Usiitilie mafuta ya pawasoo, na usiitilie pawasoo mafuta ya pampu. Andikeni kwenye mitungi kwa rangi, kwa herufi kubwa, maana kila mwaka kuna mtu anayetumwa na kaka yake kuleta "ule mtungi mwekundu" na yote ni myekundu. Ukipima oili ya Honda GX160, futa kijiti, kitumbukize bila kukikaza, kitoe, usome. Ukikikaza utasoma zaidi ya iliyomo, na utaondoka pale shambani ukiamini imejaa.